Kiganja Kilitazama Wapi

Nyumbani walimwita Kitinda kwa kuwa ndiye kitindamimba, lakini jina alilolipenda zaidi halikuwa na sauti. Mama yake alikuwa kiziwi tangu utotoni, na alipotaka kumwita alijigusa kidevu kwa kidole cha shahada, pale ambapo binti yake ana kishimo. Kaka yake naye aliitwa kwa kuvuta ncha ya sikio, kwani alizaliwa na masikio makubwa ajabu, na kichwa kilichukua miaka kuyafikia.

Mama hakupata kwenda shule ya viziwi. Lugha aliyokuwa nayo aliitunga mwenyewe, alama baada ya alama, pamoja na watoto wake, hasa huyu wa mwisho aliyeshinda naye sebuleni kando ya mashine ya kufuma. Mama alifuma masweta ya shule, na mtaa mzima ulijua kazi yake. Kaka alipelekwa bweni mapema. Kila aliporudi likizo aliwakuta wale wawili wakipiga soga kwa mikono mpaka wanatokwa machozi kwa kucheka, naye amekaa kando kama mgeni aliyekosea nyumba. Alijua alama za chakula, maji, njoo na ondoka. Zaidi ya hapo alisema, "Kitinda, hebu mwambie mama," na Kitinda akamwambia. Ikawa hivyo mpaka ndevu zikamtoka, mpaka akapata kazi ya kuuza vipuri vya magari, na hakuna aliyeona kuwa ni tatizo.

Tatizo lilionekana Kitinda alipokuwa mwaka wa pili chuoni, akisomea ualimu wa watoto wenye mahitaji maalumu. Chuo kilimteua kwenda kujitolea nchi ya mbali, katika kambi ya kuwafundisha watu kuhusu ulemavu. Mama alifurahi akamkumbatia hadi akamtia uzi wa sufu nywele nzima. Kaka alinuna.

"Na mama nani atamsemea?" aliuliza.

"Si wewe hapo."

"Mimi? Mimi nikimwamkia mama, ananiletea chumvi."

"Basi jifunze, kaka. Mikono unayo."

Mama aliwaangalia midomo, akaguna, akataka kujua wanagombania nini. Kitinda alipomweleza, mama alijibu kwa mikono iliyokuwa bado imeshika uzi: mwambie mimi nimemlea bila kumsikia, sasa na yeye ajaribu. Akacheka kicheko chake kile kizito, kisichojua kuwa majirani wana masikio.

Kambi ilikuwa kwenye shule iliyofungwa kwa likizo. Madawati yalirundikwa kwenye korido, madarasa yakageuzwa mabweni yenye vitanda vya chuma vinavyolia ukijigeuza. Mratibu wa kambi alikuwa mwanamke wa makamo aliyetumia kiti cha magurudumu na kuning'iniza filimbi shingoni. Ukizubaa njiani alikugonga visigino, kisha akapiga filimbi kana kwamba wewe ndiye uliyemgonga. Kila siku lilikuja kundi jingine la watu wa mji ule: askari wa barabarani, makarani wa benki, makondakta, walimu. Wengine walifungwa kitambaa machoni wakaambiwa watafute choo. Wengine walikalishwa kwenye viti vya magurudumu na kuelekezwa kwenye ngazi.

Kitinda alipangwa kituo cha viziwi, chini ya seremala mmoja kiziwi, mtu mrefu mwenye vidole vilivyojaa makovu ya msumeno. Lugha ya alama ya nchi ile ilifundishwa shuleni na ilikuwa na kamusi yake, wakati ya Kitinda ilitoka sebuleni kwao. Siku ya kwanza, baada ya chakula cha mchana, Seremala alimuuliza kwa ishara kama aongezewe. Kitinda akazungusha kiganja tumboni kama afanyavyo mama: nimeshiba. Seremala macho yakamtoka, akamshika mkono, akampongeza. Kumbe kule alama ile ni ya mwanamke mwenye mimba. Mpaka jioni wapishi wote walishampa pole na hongera, na mratibu akamwuliza kwa upole kama baba wa mtoto anajua.

Lakini walielewana upesi. Seremala alikuwa na subira ya mtu anayepiga randa mbao ngumu. Kila jioni alimfundisha alama mpya, naye akataka kuonyeshwa zile za mama, akazitazama kwa makini kama mtu aliyeletewa chombo cha zamani ambacho fundi wake hakuandika jina lake. Alizisifu. Kitinda alipompigia mama simu ya video na kumweleza kwamba huko kuna kiziwi mwenzake anayezipenda alama zake, mama alijifanya hajali. Kisha akauliza: ameoa?

Kituo chao kilikuwa igizo la hospitali. Kulikuwa na meza, kitanda na pazia, na madaktari waliovaa makoti meupe na kusema kwa mikono tu. Mgeni aliziba masikio, akapewa kadi yenye ugonjwa, kisha akatakiwa amweleze daktari bila kutoa sauti. Watu walivunjika mbavu. Mmoja aliingia na kipandauso akatoka ameandikiwa kung'olewa jino. Vicheko vilipopungua, Seremala alisimama mbele yao akaeleza kwa mikono, na Kitinda akamtolea sauti: "Na kama ingekuwa kweli?" Hapo ukimya ulishuka. Kitinda aliupenda ukimya ule. Aliona kwamba kwa mara ya kwanza kuna mtu mwingine anayekaa, walau kwa dakika chache, pale alipokaa mama yake maisha yote.

Siku waliyokuja wauguzi, akiwa bado ndani ya koti jeupe lililomzidi kimo, simu yake ilitetema mfukoni. Alikuwa kaka. Kaka hakuwa na kawaida ya kupiga saa za kazi. Kitinda akatoka nje, akasimama kwenye korido kati ya madawati.

Kilichojaa kwenye kioo kilikuwa pua ya kaka, na nyuma yake ukuta wa kijani.

"Kitinda, tuko hospitali. Tangu asubuhi. Wanamuuliza maswali hawaelewani, na mimi..." Akapangusa pua. "Juzi alianza kushika tumbo. Nikadhani njaa. Nikampa chakula, akakisukuma. Nikaenda duka la dawa, nikanunua dawa ya vidonda vya tumbo. Akawa ananionyesha vitu kwa mikono, Kitinda, vitu vingi, mimi nakubali tu kwa kichwa. Nilikuwa nakubali tu."

"Nigeuzie simu nimuone."

Simu ikageuka. Mama alikuwa amelala chali, uso umemsinyaa kama kitambaa kilichokamuliwa. Mkono wa dripu ulikuwa umefungwa bendeji kwenye chuma cha kitanda.

"Kwa nini wamemfunga?"

"Alikuwa anawarushia watu mikono. Wakasema amechanganyikiwa."

"Alikuwa anasema, kaka! Mwambie daktari amfungue. Mikono ndiyo mdomo wake!"

Daktari, kijana mwenye macho mekundu ya kukosa usingizi, aliinamia kamera. Hakuwa mkali. "Dada, dripu ameshaichomoa mara mbili. Mshipa mwingine hatuupati. Ana mkono mmoja, naomba utumie huo. Muda hatuna. Muulize maumivu yalianzia wapi."

Mama alipoona sura ya binti yake kwenye kioo, macho yalimrudia uhai. Kabla hajaulizwa lolote, mkono wake uliokuwa huru ulipanda taratibu, ukajishika kola, ukanyooshea kioo: koti hilo! Umekuwa daktari?

Kitinda alijikaza. Akajibu: la kuazima, mama.

Kubwa, mama akasema. Litakuangusha.

Akaiegemeza simu kwenye dawati, ndipo wakaanza. Lugha ya mikono miwili ilisemwa kwa mkono mmoja, na nusu nyingine Kitinda aliibahatisha kutokana na uso, nyusi na jinsi midomo ilivyokaza. Yalianzia kitovuni, yakashuka kulia. Yalikuwa makali, kisha jana yakakoma ghafla, mama akafurahi akadhani amepona, kisha yakarudi tumbo zima. Kitinda alitoa sauti, na kila alilolisema lilibadilisha uso wa daktari.

"Kimepasuka," daktari alimwambia muuguzi. Kisha kwenye simu: "Kidole tumbo kimepasuka, na usaha umesambaa. Tunampeleka kupasuliwa sasa hivi. Mweleze."

Kitinda alimweleza. Alama ya kupasua ilikuwa ya nyumbani, ile waliyotumia kwa samaki na matikiti, na hakuwa na nyingine. Mama aliitazama. Hakuonyesha hofu. Aliuliza swali moja tu: nikilala, nitaamka?

"Anauliza kama ataamka."

Daktari alipitisha mkono usoni. "Mwambie tutajitahidi."

Kitinda akainua mikono, na mikono ikabaki hewani. Katika maisha yao yote yeye na mama hawakupata kuhitaji neno hilo. Kitu kilifanyika au hakikufanyika, sweta liliisha au halikuisha. Akajaribu: daktari, kazi, sana. Mama akatikisa kichwa kwa kukosa subira, vile alivyokuwa akifanya Kitinda alipokuwa mdogo na kuzungukazunguka badala ya kusema nani kavunja glasi. Sikuulizi kazi. Ndiyo au hapana?

Ndiyo, Kitinda akasema. Utaamka.

Mama akatulia. Mabega yake yalilegea kwenye shuka. Akainua tena ule mkono mmoja kuanza kusema jambo, na kioo kikaganda. Picha ilibaki hivyo, mkono umefika nusu, kisha ikazimika. Kitinda alipiga, ikaita bila jibu. Akapiga tena, ikawa haiiti kabisa.

Ndani ya igizo la hospitali wauguzi walikuwa wanaangua kicheko. Mratibu alikuja na kiti chake, na filimbi akaiacha kifuani. Hakuuliza mengi. Alimpeleka Kitinda ofisini kwake, akamwachia waya wa kuchajia na glasi ya maji, akafunga mlango ili kelele za kambi zisimfikie. Seremala aliingia baadaye akakaa sakafuni karibu na miguu yake, akiitazama simu kama Kitinda alivyoitazama, ingawa ikilia yeye asingeisikia.

Kaka alipiga kabla jua halijazama. Safari hii hakuwasha video.

"Kitinda."

"Niambie."

"Hakuamka, mdogo wangu. Mama hakuamka."

Hakulia hapo. Alisema "sawa" kama anayepokea maagizo, akasema "sawa" tena, na simu ikakatika. Seremala alimsoma usoni. Akasimama, akaanza kumfungua lile koti jeupe, kifungo baada ya kifungo, kama mtu anayemvua nguo mtoto aliyesinzia. Alipoutoa mkono wa pili ndipo Kitinda akaporomoka, akalia kwa sauti ambayo kambi nzima iliisikia isipokuwa huyo aliyemshika.

Tiketi ilipatikana, lakini si mapema kama walivyotaka. Alipofika nyumbani mama alikuwa ameshazikwa. Viatu vya waombolezaji vilijaa mlangoni, na sebuleni mashine ya kufuma ilikuwa imesukumwa ukutani ili kupisha magodoro. Mama mkubwa, dada wa marehemu, alimpokea kwa kilio, na kina mama wengine wakakidaka. Wote walimsifu marehemu: mpole, mkimya. Kitinda alitaka kuwaambia kwamba mama yake hakuwa mkimya hata siku moja, kwamba alikuwa msengenyaji hodari kuliko wote waliokuwa wamekaa pale na kwamba kila mmoja wao alikuwa na alama yake, nyingine za aibu. Aliwatazama mmoja mmoja: huyu Makalio, yule Meno, yule Anayekopa Sukari. Akacheka kidogo katikati ya kulia, na mama mkubwa akadhani kwikwi, akaagiza maji.

Siku ya pili kaka alimshika mkono akamwingiza jikoni, akarudisha mlango. Alikonda. Masikio yalikuwa yamerudi kuwa makubwa.

"Kuna kitu nataka nikuonyeshe kabla sijakisahau," alisema. "Ile simu ilikatika, kisha ikaisha chaji. Lakini mama aliendelea kusema. Alikuwa ananiangalia mimi, Kitinda. Si simu, mimi. Akaniambia kitu, wakaja na kitanda cha magurudumu wakamchukua. Tangu siku ile nakirudia. Nikiwa bafuni nakirudia, nikiwa makaburini nilikuwa nakirudia mfukoni. Sasa niambie alisema nini."

Akasimama wima, kama mtoto anayetaka kukariri mbele ya darasa. Akavuta ncha ya sikio lake. Akajigusa kidevu. Kisha akanyoosha mkono mbele, usawa wa kiuno, akautelezesha upande.

Kitinda akasogea karibu. "Rudia."

Kaka akarudia.

"Sikio ni wewe. Kidevu ni mimi. Anakwambia wewe habari zangu. Sasa huo mkono, kiganja kilitazama wapi?"

"Vipi kilitazama wapi?"

"Juu au chini? Kikitazama juu ni 'mwite, aje.' Kikitazama chini ni 'mwache alipo.'"

Kaka aliangalia mkono wake mwenyewe kama uliomsaliti. Akaugeuza juu, akautelezesha. Akaugeuza chini, akautelezesha. Akafumba macho, akajaribu tena. "Alikuwa amechoka," alisema. "Mkono ulikuwa umelala kwenye shuka. Vidole vimejikunja hivi. Ulikuwa..." Akajaribu kwa mkono wa kushoto. "Kitinda, sijui. Nilijua ulivyokwenda. Sikujua kwamba kiganja nacho kinasema."

"Fikiri tu, taratibu."

"Nimefikiri! Kila ninaporudia unazidi kuwa mkono wangu, si wake." Akakaa juu ya ndoo iliyofunikwa, akashika tama. Baada ya kitambo akauliza, "Wewe ulimwambia nini mwisho? Maana alitulia ghafla."

"Nilimwambia ataamka."

"Daktari alisema hivyo?"

"Hapana."

Kutoka sebuleni ilisikika sauti ya mama mkubwa akigawa kazi za vyombo.

"Alitulia," kaka alisema tena. "Nilikuwa pale. Alitulia kweli." Kisha, bila kumtazama: "Chukua hiyo ya 'mwache alipo.' Mama alikuwa anajivunia safari yako. Itakuwa ndiyo."

"Si ya kuchagua, kaka."

"Najua."

Wakabaki wamekaa, kaka juu ya ndoo, Kitinda kwenye kizingiti cha mlango wa nyuma, mpaka mtu akaja kutafuta sufuria.

Waombolezaji walipungua, magodoro yakakunjwa, mashine ikarudishwa dirishani. Kitinda hakurudi kambini. Seremala alimtumia video, amesimama mbele ya benchi lake la kazi, akimwambia polepole kwa lugha ya kwao kwamba anamkumbuka, na mwishoni akaongeza alama mbili tatu za mama, bila makosa. Kitinda aliitazama mara moja, akashindwa kuirudia.

Wiki ile aliyokuwa anafungasha kurudi chuoni, mlango uligongwa. Alikuwa Mama Pacha, mteja wa zamani, ambaye alikuwa amesafiri na hakuna aliyemfikishia habari. Aliagiza masweta ya wanawe tangu muhula uliopita. Alipomwona Kitinda kwa mbali ndani ya chumba chenye giza, akimdhania mama mtu, hakusalimia kwa mdomo. Alishika kiuno kwa mkono mmoja, na kwa mwingine akatembeza vidole viwili hewani, mara tatu, uso umejaa mzaha: kesho, kesho, kesho! Kila siku kesho!

Hakukuwa na mteja wa mama asiyeijua alama hiyo. Walijifunza kwa lazima, kama wateja wa fundi yeyote.

Kitinda alisimama na sweta lililokunjwa kifuani. Tangu arudi hakuna aliyekuwa amemsemesha kwa lugha ile ndani ya nyumba ile. Kicheko kilimtoka kabla hajakizuia, kisha kikageuka. Mama Pacha akasogea, akamtambua, mzaha ukamwisha.

"Kumbe ni wewe, mwanangu. Mama yuko wapi?"

Kitinda alifungua mdomo, na sauti ikakataa. Ikabidi aseme kwa mikono. Kwa mama yake, mtu aliyefariki alisemwa hivi: unakunja nguo hewani, mara moja, mara mbili, unailaza kando na kuipapasa. Mama Pacha hakupata kufundishwa alama hiyo. Aliitazama mpaka mwisho, akashika kinywa.

Kaka alitoka chumbani, akaona, hakuuliza ni nini kimesemwa. Alivuta kiti cha kufumia akamkalisha mgeni, kisha akapiga magoti mbele ya rundo la masweta, akaanza kutafuta mawili yanayofanana.